Je, Wajua? Jalidi Katika Nchi ya Shaba

Je, wajua kwamba katika nyanda za Lualaba, jimbo la shaba la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilizo kusini mwa Ikweta kwa kadiri ya nyuzi 11 tu, jalidi huweza kuanguka? Alfajiri za Juni na Julai, nyasi za mabonde yenye unyevu, ambayo wenyeji huyaita dembo, huonekana nyeupe mithili ya zilizonyunyiziwa chumvi, na zikikanyagwa hulia chini ya kiatu. Jua likipanda kidogo, hakuna athari iliyosalia.

Sababu moja ni mwinuko: Kolwezi, mji mkuu wa jimbo hilo, iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Kipupwe kikiingia, mvua imekwisha kukatika, na mbingu tupu haziizuii hari ya ardhi isipotee usiku, nayo hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka bondeni kama maji, hata aliyejenga kilimani (ajabu ya mambo!) akalala na joto kuliko jirani yake wa chini.

Aliyejitanda blanketi alfajiri, adhuhuri yumo katika shati jepesi. Usiku hukokwa mbabula, lile jiko la makaa, na dirisha huachwa wazi, kwani sumu ya makaa haina rangi wala harufu.