Kamba Moja, Watu Wawili

Ndugu msomaji, huenda umewahi kusaidiana na jirani kupandisha kabati kwenye ngazi za ghorofa. Aliye chini hamwoni aliye juu; husikia sauti yake tu, na wote wawili wanajua kwamba mmoja akiachia, mwenziwe ndiye atakayeumia. Sasa lipeleke jambo hilo kwenye ukuta wa mwamba, mita elfu tano juu ya bahari, nawe utaanza kuielewa kazi ya wakwezi wawili waliofungana kamba.

Mlima Kenya unalionyesha jambo hili vizuri. Wengi wanaosema wamefika kileleni wamefika Lenana, mita 4,985, ambako mtu mwenye pumzi hufika kwa miguu yake. Batian, kilele chenyewe, mita 5,199, ni habari nyingine. Ni jiwe gumu lililoganda ndani ya koo la volkano ya kale, likabaki limesimama baada ya mlima uliolizunguka kumomonyoka. Halford Mackinder, Mwingereza, alikifikia mwaka 1899 pamoja na Ollier na Brocherel, waongoza njia wa milima ya Alps. Ilipita miaka 30 kabla ya watu wengine kukifikia tena.

Ukuta kama huo haupandwi kwa mkupuo mmoja. Hupandwa vipande vipande, kila kipande kisichozidi urefu wa kamba. Mmoja hutangulia, mwenziwe hubaki amejifunga kwenye mwamba, akiilegeza kamba kidogo kidogo. Anayetangulia huweka vishikizo vya chuma katika nyufa na kuipitisha kamba humo. Akianguka mita tano juu ya kishikizo cha mwisho, ataporomoka mita kumi na zaidi kabla kamba haijakaza. Hapo uhai wake umo mikononi mwa mtu asiyemwona. Akifika kwenye kibaraza cha jiwe, naye hujifunga, kisha humshikia mwenziwe apande. Ndivyo waendavyo kutwa nzima. Mkwezi wa minazi, kwa ushujaa wake wote, hajui deni la namna hii. Yeye yuko peke yake na shina lake.

Usidhani kwamba kufika kileleni ndiyo mwisho wa shughuli. Kuteremka kuna hatari zake, maana mwili umechoka na mawingu ya alasiri yamekwisha kufunga. Tena kamba hupitishwa nyuma ya jiwe, watu huteremka nayo, kisha huivuta. Wakishaivuta, njia ya kurudi juu imefungwa.

Mwezi Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian. Walipokuwa wakiteremka, si mbali na kilele, jiwe alilolishika Judmaier liling'oka. Akaporomoka nalo. Oelz akamzuia kwa kamba, lakini mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika na kutokeza nje ya ngozi.

Fikiri, msomaji, ungefanya nini. Ukibaki, mgonjwa ana mwenzi, lakini hakuna ajuaye kwamba mpo huko. Ukiondoka, unamwacha mtu anayetoka damu juu ya jiwe, usiku wa barafu, nawe unateremka peke yako mahali ambapo hata watu wawili hutetemeka. Na hawa wote wawili walikuwa madaktari. Hapakuwa na wa kumdanganya mwenziwe juu ya jeraha lile.

Oelz aliteremka. Habari zikafika Nairobi, na wapandaji wa Kenya wakaanza kupanda na dawa. Oelz naye akarudi juu. Hakuwa na wajibu wa kurudi, kwa kuwa msaada ulikwisha kupatikana. Lakini alirudi, akamtibu mwenziwe palepale mwambani.

Haikuwa kazi ya siku moja. Hewa ya huko ni nyembamba, na kumshusha mtu asiyeweza kusimama kwenye ukuta uliosimama wima ni kazi ambayo wachache wa nchini walikuwa wamewahi kuifanya. Helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka, na rubani wake, Mmarekani, akafa. Baba yake Judmaier, naye daktari, akahangaika hadi waokoaji wa Innsbruck wakapakiwa ndegeni kuja Kenya. Ndio waliomshusha, zaidi ya wiki moja tangu aanguke.

Judmaier alipona, akaendelea na kazi yake ya udaktari. Oelz naye hakuiacha milima: mwaka 1978 alisimama juu ya Everest, na huko pia hakufika peke yake.