Georgia ilipokuwa mradi

Muhuri ulitangulia. Kabla kichaka cha kwanza hakijafyekwa, wadhamini wa Georgia walikuwa wameshachora upande mmoja wa muhuri wao kiwavi wa hariri juu ya jani la mforosadi, pamoja na maneno ya Kilatini yasemayo kwamba kazi hii si kwa faida yao bali ya wengine. Walikuwa watu 21, waliopewa hati na Mfalme George wa Pili wa Uingereza mwaka 1732 waanzishe koloni Amerika Kaskazini, kati ya mito ya Savannah na Altamaha, na kutoka vyanzo vya mito hiyo moja kwa moja magharibi hadi bahari ya upande wa pili wa bara. Hati iliwakataza kumiliki ardhi huko, kushika cheo au kulipwa. Nimesoma maandiko ya miradi mengi, na ni machache yanayoanza kwa waandishi kujifunga hivyo. Nalisema hili mapema kwa sababu yaliyofuata si habari ya walaghai.

Chimbuko la mradi lilikuwa msiba. Mwaka 1728 msanifu majengo Robert Castell alifungwa London kwa deni. Aliposhindwa kumlipa mkuu wa gereza alichotaka, alihamishiwa kwenye nyumba yenye ndui, akafa. Rafiki yake, mbunge James Oglethorpe, akaongoza kamati ya kukagua magereza, na humo likazaliwa wazo la kuwapa maskini ardhi ng'ambo ya bahari. Lakini wadhamini walipokaa kuchuja majina walitaka maseremala, washonaji na wakulima, watu wenye nguvu za kulima na kushika bunduki dhidi ya Wahispania wa Florida. Katika watu wapatao 114 waliopanda meli Anne Novemba 1732, huwezi kumtaja mfungwa wa deni aliyefunguliwa ili asafiri. Walengwa walibadilika kabla nanga haijang'olewa.

Februari 1733 walipanda genge la Mto Savannah. Haikuwa nchi isiyo na watu. Mhispania Hernando de Soto alipita na jeshi lake mwaka 1540, na watawa wa Kihispania walikaa kwenye visiwa vya pwani kwa takriban karne moja. Pale gengeni palikuwa na kijiji cha Wayamacraw chini ya mkuu wao, Tomochichi. Aliyewezesha mazungumzo ni Mary Musgrove, mwenye duka la biashara papo hapo, ambaye mama yake alikuwa wa kabila la Creek na baba Mwingereza. Tomochichi akakubali wageni wajenge. Mradi uliopewa pauni 10,000 na Bunge mwaka huo ulipata mahali pa kukanyaga kwa ridhaa ya watu ambao hawakuulizwa lolote ulipokuwa ukiandikwa.

Maradhi yakaja upesi. Daktari pekee, William Cox, alikufa Aprili, na wengi wakamfuata. Julai ikatia nanga meli ambayo hakuna aliyeiagiza, yenye Wayahudi zaidi ya 40, na miongoni mwao tabibu Samuel Nunes. Aliingia kazini mara moja, na Oglethorpe mwenyewe alimsifu kwa kuwaokoa wagonjwa. Wadhamini kule London walikasirika kwamba Wayahudi wamepokelewa. Oglethorpe, aliyekuwa akizika watu wake, akawapa viwanja. Mgeni njoo, mwenyeji apone: pale Savannah msemo huo ulitimia neno kwa neno.

Mji ulipimwa vizuri ajabu. Kila kata ilikuwa na nyumba 40, kumi kumi, zikizunguka uwanja wa wazi, na viwanja vya kanisa na ghala pembeni. Mji ulipokua waliongeza kata kwa mtindo uleule hadi viwanja vikafika 24, na 22 vipo hadi leo chini ya mialoni. Nadhani vimedumu kwa sababu uwanja hauwaamuru wakazi waishije. Unawapa nafasi tu.

Masharti mengine yaliamuru. Kila mlowezi aliyelipiwa nauli alipata eka 50: kiwanja mjini, bustani ya eka 5 na shamba la eka zilizobaki. Kwenye ramani eka hizo zilikuwa sawa. Ardhini mmoja aliangukia udongo mweusi, mwenzake mchanga wa misonobari usiootesha mahindi, wa tatu kinamasi, na hakuna aliyeruhusiwa kuuza wala kuhama. Urithi ulikwenda kwa watoto wa kiume tu, kwani wadhamini walitaka nyuma ya kila shamba awepo askari. Fikiria mtu mwenye mabinti watupu, aking'oa visiki katika jua la Julai kwa ajili ya shamba ambalo hawatalirithi. Ramu ilipigwa marufuku ikaendelea kunywewa. Hariri, ile ya kwenye muhuri, ilitafutiwa mafundi kutoka Piedmont na bustani ya eka 10 ya kuoteshea miche, lakini ilishika hasa Ebenezer, kijiji cha wakimbizi wa dini kutoka Salzburg, ambako wanawake waliichukua ikawa kazi yao.

Na mwaka 1735 utumwa ulikatazwa kwa sheria.

Hapa ndipo ninapoumia. Hili lilikuwa sharti bora kuliko yote, lakini wadhamini walilitetea kwa hoja dhaifu: kwamba watumwa wangewafanya Wazungu wavivu, na wangetorokea Florida, ambako Mhispania aliwaahidi uhuru. Haki ya mtumwa mwenyewe haikuwa msingi wa sheria hiyo. Ng'ambo ya mto, South Carolina ilikuwa ikitajirika kwa mpunga uliolimwa na Waafrika, na walowezi waliochukizwa na sheria za ardhi wakafunga madai yote katika furushi moja: tupeni hati za kuuza, tupeni na watumwa. Desemba 1738 watu 121 wa Savannah walitia saini ombi hilo, wakidai kwamba joto lile Mzungu haliwezi.

Mwezi uliofuata Waskoti 18 wa kijiji cha Darien walijibu kwamba wanaliweza, na kwamba kumhukumu binadamu utumwa wa milele kunautisha moyo. Ebenezer nao, na mchungaji wao Johann Martin Boltzius, walionyesha mazao yao waliyoyavuna kwa mikono yao. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema sharti lile halikutekelezeka. Lilitekelezwa vijiji viwili, na waliolitekeleza walisema hivyo kwa maandishi. Wadhamini waliwasikia kwanza, wakakataa ombi la Savannah. Kisha Oglethorpe, baada ya kuwarudisha nyuma Wahispania kisiwani St. Simons mwaka 1742, akaondoka mwaka 1743 asirudi tena, na barua za wanung'unikaji zikaendelea kuvuka bahari.

Ramu iliachiwa mwaka 1742. Mwaka 1750 ardhi ikaruhusiwa kuuzwa, na utumwa ukahalalishwa kuanzia Januari 1, 1751. Wadhamini waliirudisha hati mwaka 1752, mwaka mmoja kabla ya muda wao kwisha. Waafrika waliofungwa utumwani Georgia walikuwa chini ya 500 mwaka 1750. Kufikia 1775 walikuwa kama 18,000, karibu nusu ya wakazi wote. Ndio waliochimba mifereji na kuinua matuta yaliyogeuza vinamasi kuwa mashamba ya mpunga, wengi wakitoka pwani ya Afrika Magharibi ambako mpunga ulilimwa tangu enzi za mababu zao.

Januari 2, 1788, wajumbe waliokutana Augusta waliidhinisha Katiba ya Marekani kwa kauli moja, na Georgia ikawa jimbo la nne. Katiba hiyo ilikuwa na kifungu kilicholizuia Bunge kukataza uingizaji wa watumwa hadi mwaka 1808. Waliokishikilia kwa nguvu mezani Philadelphia, mwaka mmoja kabla, walikuwa wajumbe wa South Carolina na wa Georgia.