Bustani ya Peponi, Ikisomwa Same

Aliyekulia Same haulizi pepo iko upande gani. Chini ni vumbi na mkonge. Juu, kuelekea Chome na Shengena milimani Upare, ni ukungu, migomba na maji. Ndiyo maana riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Peponi, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, inasomeka vizuri sana huku.

Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anatoka Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipojenga reli ya kwenda bara. Kawa ni ya kubuni, lakini reli ya namna hiyo ilitoka Tanga, ikapita Same, ikafika Moshi mwaka 1911. Baba yake Yusuf amemweka rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni.

Nyumbani kwa Aziz kuna bustani yenye ukuta, bwawa katikati na mifereji inayokwenda pande nne. Msomaji wa Qur'ani ataikumbuka mito ya peponi ya maji, maziwa, mvinyo na asali. Mpare aliyezoea zamu za ndiva, mabwawa ya kumwagilia mashamba, atauliza swali jingine: maji hayo anayahudumia nani? Ni Mzee Hamdani, mtumwa aliyepewa uhuru akaukataa, maana haamini kwamba binadamu anaweza kumpa mwenziwe kitu hicho. Hapo ishara inageuka. Pepo hii ina mwenyewe, na ina watumwa.

Kisha kuna kisa cha Nabii Yusuf. Gurnah anakichukua karibu chote: kijana mzuri, bibi wa nyumba anayemtamani, shati linalochanwa kwa nyuma. Anachokiacha ni malipo. Nabii alifasiri ndoto akapewa madaraka. Yusuf wa Peponi huota majinamizi asiyoweza kuyafasiri, na kuonekana hana hatia hakumfungui. Shaka ya riwaya imelala hapa, katika hadithi iliyonyimwa mwisho tuliouzoea, wala si katika hotuba ya kumkana Mungu.

Anayesema waziwazi ni Kalasinga, fundi wa Kisingasinga. Anataka kuitafsiri Qur'ani kwa Kiswahili ili rafiki zake Waislamu wamsikie vizuri huyo Mungu wao mkali. Kiarabu hajui, ataitoa kwenye Kiingereza. Hamid, mmoja wa rafiki hao, anamkebehi, na urafiki unaendelea. Wengi hukipita kipande hiki wakidhani ni kichekesho tu. Kwangu ndicho bora kuliko vyote: mwenye imani na mwenye shaka wanabishana bila kufukuzana.