Vipimo vya Usubi: Kipande cha Ngozi au Tone la Damu?

Milima ya Usambara ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye historia ndefu ya ugonjwa wa usubi. Ugonjwa huu huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito na vijito vyenye maji yaendayo kasi. Katika Usambara, mabuu ya baadhi ya inzi hao hukua yakiwa yamejishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Mtu anayeumwa na inzi hao mara kwa mara huweza kuingiwa na minyoo ambao huzaa minyoo wachanga wengi. Hawa husambaa katika ngozi na macho, wakaleta muwasho mkali, ngozi kuharibika na hata upofu.

Kwa miaka mingi, usubi umethibitishwa kwa sampuli ya ngozi. Mtaalamu husafisha ngozi ya nyonga, huiinua kidogo kwa sindano na kukata kipande chenye uzito wa miligramu chache, kila upande. Vipande hivyo hutiwa katika maji ya chumvi, na minyoo wachanga walio hai hutoka wenyewe na kuhesabiwa kwa hadubini. Sampuli isiyoonesha kitu huweza kuachwa hadi saa 24 kabla ya kusomwa tena.

Ubora wa njia hii ni kwamba mnyoo anapoonekana, hakuna shaka kuwa mgonjwa anao. Hata hivyo, ina kasoro mbili. Kwanza, inauma, na wengi huikataa. Pili, dawa ya Mectizan inayotolewa wakati wa kingatiba huua minyoo wachanga lakini huwaacha hai wengi wa minyoo wakubwa, ambao huishi miaka 10 hadi 15. Hivyo ngozi huweza kuonekana safi ilhali chanzo bado kimo mwilini.

Njia ya pili ni tone la damu kutoka kidoleni, linalokaushwa kwenye karatasi maalumu na kupimwa maabara. Kipimo hiki hakitafuti mnyoo, bali askari wa mwili waliotengenezwa kupambana naye. Kwa mtu mzima, askari hao huweza kubaki miaka mingi, hivyo hawaoneshi kama ugonjwa ni wa zamani au wa sasa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 jibu lina maana kubwa zaidi: akikutwa nao, maambukizi yametokea katika miaka ya karibuni.

Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka damu ya watoto ipimwe, pamoja na inzi wenyewe, kabla ya kingatiba kusitishwa. Walioambukizwa wanapaswa kuwa chini ya mtoto 1 kati ya 1,000. Dawa ikisitishwa mapema, minyoo waliobaki wataanza tena kuzaa na inzi watarudisha ugonjwa vijijini.

Wazazi na walezi wanaombwa kuwaruhusu watoto wao kupimwa wataalamu wanapofika, na kila anayestahili kumeza dawa aimeze hata kama hajihisi mgonjwa. Mwenye muwasho wa muda mrefu, vinundu chini ya ngozi au uoni hafifu afike mapema katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu.