Nuru Ndani ya Nawiri: Kwa Nini Tujifunze Hati ya Kiarabu

Makala haya yanalenga kueleza jinsi hati inavyoweza kuficha au kufichua udugu wa maneno. Mfano wetu ni kitenzi nawiri.

Tuanzie mbali kidogo. Mwanafunzi wa Kijapani anapofunzwa herufi 茂, inayohusu mimea kustawi na kusongamana, huoneshwa kwanza mistari mitatu ya juu, ambayo ni alama ya nyasi. Sehemu ya chini hudokeza matamshi. Hivyo, hata kabla ya kulitamka neno, jicho lake limekwisha kuona majani.

Je, Kiswahili kina jambo linalokaribiana na hilo? Tunapoandika "mihindi imenawiri" kwa hati ya Kilatini, jicho halioni chochote cha ziada. Lakini neno hilo likiandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandika malenga wa Mombasa, msomaji hukutana na nuni, wau na ree, ambazo ndizo herufi za neno nuru. Yee inayoongezwa huvuta tu irabu yenye mkazo. Hapo hubainika kwamba kilichonawiri ni kilichong'aa, na ndiyo maana twasema mmea umenawiri na uso wa mtu pia umenawiri.

Hata hivyo, hati hii si ufunguo wa kila mlango. Mea na chipua ni maneno ya Kibantu, nayo hayafichui lolote yakiandikwa hivyo. Aidha, herufi za Kiarabu hazikutosheleza sauti zote za Kimvita, chenye t ya meno na t ya ufizi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa ni miongoni mwa waliojitahidi kuirekebisha hati hiyo.

Suala hili linatuhusu moja kwa moja sisi wanafunzi wa fasihi. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikusanywa Mombasa na Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia mmisionari William Taylor, na karatasi za Taylor zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Asiyejua alifu wala bee atayasoma kwa macho ya mnukuzi, na mnukuzi akikosea, naye atakosea pamoja naye. Idara zetu zikitenga hata saa chache kwa muhula kuifunza hati hii, utafiti wetu nao utanawiri.