Jokofu Lako Lina Gesi Gani?

Jokofu linapoacha kupoza, wengi wetu humwita fundi na kumwagiza ajaze gesi. Ni wachache wanaouliza ni gesi gani.

Majokofu ya zamani yalitumia gesi ya R12, iliyobainika kuharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuiondoa. Mahali pake ikaja R134a. Hii haidhuru ozoni, lakini kilo moja ikivuja huongeza joto la dunia sawa na kilo zipatazo 1,400 za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua.

Majokofu mengi mapya hutumia R600a, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo sana. Hata hivyo, hushika moto kama gesi ya kupikia.

Basi, kabla jokofu halijafunguliwa, soma kibandiko chake pamoja na fundi. Kikionyesha R600a, zima jiko, fungua madirisha, wala fundi asichomelee bomba ambalo bado lina gesi. Kikionyesha R134a, aikusanye mtungini, asiiachie hewani.

Tena kumbuka: gesi ya jokofu haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua, pana tundu. Lizibwe kwanza, ndipo gesi ijazwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.