Fahamu: Vitamini A na matone ya watoto kliniki

Vitamini A ni kirutubisho kinachosaidia macho kuona kwenye mwanga hafifu na kuimarisha kinga ya mwili. Mtoto akipungukiwa nayo huanza kwa kutoona vizuri jioni. Hali ikizidi, anaweza kupofuka. Surua na kuhara pia humwelemea zaidi.

Matone hutolewaje?

Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa kila baada ya miezi sita. Mhudumu hukata ncha ya kidonge laini chenye matone hayo kwa mkasi, kisha humkamulia mtoto mdomoni. Kwa kawaida cha bluu ni cha walio chini ya mwaka mmoja, chekundu ni cha wakubwa.

Jikoni je?

Vitamini A ipo kwenye maini, mayai na maziwa. Mchicha, karoti, papai, maembe na mawese vina viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, navyo vina viini hivyo, ila havijapewa heshima vinayostahili mezani. Mboga zitiwe mafuta kidogo, maana vitamini hii hufyonzwa pamoja na mafuta.

Tahadhari

Mjamzito asizidishe maini wala kumeza vidonge vya vitamini A bila ushauri wa daktari; ikizidi, humdhuru mtoto tumboni.